Udongo Mweupe wa Silvana

Silvana wa Kizwite hanunui rangi dukani. Ukitaka kumkera, mpelekee kopo la rangi ya mafuta, hata kama umelitoa kwa nia njema. Atakushukuru kwa adabu zote, kisha kopo atalipandia maua. Rangi zake anazichimba mwenyewe. Udongo mwekundu anautoa kichuguuni, mweusi mbugani, wa njano kandokando ya barabara ya Matai. Anautwanga, anauchekecha, anaukoroga na uji mwepesi wa mahindi, halafu anachora ukutani kwa brashi za nyasi. Ni mjane wa miaka hamsini na mbili, na kazi hii aliianza kwa kusiriba nyumba za majirani.

Picha zake zina shughuli moja tu, kuwasuta watu. Aliwahi kumchora mchoma matofali mmoja kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, amekaa kama mfalme juu ya visiki vya miti aliyoikata kwa kuni. Yule bwana alinuna mwezi mzima, halafu akaenda kutafuta miche akapanda. Basi tangu hapo Silvana akawa hashikiki.

Juu ya udongo alikuwa na sheria yake: haling'olewi jani hata moja. Wenzake wakitaka udongo mweupe hulima nyasi za juu kwanza. Yeye thubutu! Aliuchimba ubavuni mwa ukingo, juu kidogo ya chemchemi ya watu wa Izia, akipitisha jembe chini ya nyasi, miaka tisa mfululizo, mpaka pakawa na pango la mtu kuchuchumaa ndani. Juu nyasi zimesimama kijani, huwezi kujua kama kuna mtu kapita. Alijivunia hilo, jamani! Akialikwa shuleni kuzungumza na watoto, ndilo la kwanza kulisema. Kiangazi kilichopita alijaza viroba vya kumtosha mwaka mzima, na mvua zilipoanza akatulia nyumbani kwake.

Mvua za safari hii zilikuja kwa fujo. Zilipokatika, baada ya Pasaka, chemchemi ilikuwa haipo. Palibaki tope, na juu ya tope alama za kwato za ng'ombe tele. Nani alihitaji ushahidi mwingine? Wanawake wa Izia wakaanza kuchota bonde la pili, mwendo wa saa nzima na ndoo kichwani. Mmoja wao alikuwa Bertilla, shoga yake Silvana wa kwaya, aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni. Kila mdomo ukamtaja Malimi, mzee wa Kisukuma aliyehamia na mifugo yake miaka mingi iliyopita. Mtendaji wa kata akaitisha mkutano siku ya mazingira, watu waamue kama Malimi na ng'ombe wake waondoke au wabaki. Na ili siku ipendeze, akamwomba Silvana achore ukuta wa kibaraza cha ofisi.

Silvana alichora kwa hasira. Shoga yake alikuwa anateseka, asikasirike vipi? Alichora kundi la ng'ombe limeikanyaga chemchemi mpaka imekufa, na mbele kabisa dume lenye pembe moja iliyopinda. Kata nzima inalijua dume hilo la Malimi. Watu walikuja kuangalia, wakacheka, wakasema mzee huyu sasa kwisha habari yake.

Ikiwa imebaki wiki moja, Malimi mwenyewe akatokea pale kibarazani. Silvana alijiandaa kwa matusi. Mzee alipokea shikamoo yake, akautazama ukuta kwa muda, akasema pembe ameipatia sawasawa. Halafu akamweleza kwamba ng'ombe wake hunywa chini, maji yakishapita, na alama zile za kwato waliziacha walipopanda kuyatafuta maji yaliyokwisha kukatika. Amelisema hilo kila mahali, hakuna anayemsikiliza. Akamwomba afike naye akaone kwa macho yake.

Wakaenda, wakipita kati ya mashamba ya ulezi na yale matuta ya ntumba ambayo Wafipa hufukia nyasi ndani yake zioze. Kwenye tope Malimi hakusimama. Alipanda juu, na Silvana nyuma yake. Ukingo haukuwepo. Pango lote lilikuwa limeporomoka, udongo mweupe umeshuka mpaka chini na kulifukia jicho la maji. Zile nyasi zake zilikuwa zimelala kichwa chini, mizizi juu, na nyingine bado mbichi.

"Kuna mtu amechimba hapa," Malimi alisema. "Mama, wewe unajua udongo. Humjui ni nani?"

Na Silvana, Mungu amsamehe, akajibu kwamba hamjui.

Siku tatu hakugusa brashi. Kila akiingia jikoni viroba vile hapo, vimepangwa ukutani, na alishindwa hata kuvitazama. Angenyamaza nani angejua? Hakuna. Malimi angefungasha, naye angeendelea kupigiwa makofi. Aliwaza pia jinsi wale watoto wa shule watakavyomtazama, na hapo ndipo alipolia. Siku ya nne asubuhi akachukua kitambaa na ndoo, akaenda ofisini, akalifuta dume. Akafuta kundi zima. Kisha akachora upya, akafunika kwa kitenge.

Siku ya mkutano Mtendaji aliongea sana, kama kawaida ya watendaji, halafu akavuta kitenge. Watu wakaanza kunong'ona. Fabiani, mwenyekiti wa kamati ya maji, ambaye ndiye aliyepiga kelele kuliko wote kwamba Malimi aondoke, akasimama akauliza ng'ombe wamekwenda wapi, na mwanamke huyu mwenye jembe chini ya ukingo ni nani.

"Ni mimi," Silvana alisema.

Akaeleza yote: pango, miaka tisa, ukingo ulivyoanguka. Kisha akamgeukia Malimi. "Uliponiuliza nilikudanganya, mzee. Nisamehe."

Malimi aliutazama ukuta, akatikisa kichwa.

"Dume langu umelifuta," alisema, "na lilikuwa limeshaanza kuringa."

Watu wakaangua kicheko, hata Fabiani akacheka kwa haya. Ya kumfukuza Malimi yakaishia hapo hapo. Bertilla peke yake hakucheka. Alisimama, akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akasema yeye kesho asubuhi atakuwa pale na jembe, na Silvana asichelewe.

Silvana alifika wa kwanza. Walikuja wanawake zaidi ya ishirini, na Malimi akaja na mkokoteni wake wa ng'ombe kusomba tope. Pale ukingo ulipoanguka Silvana alionyesha la kufanya: walifukia nyasi kwa udongo, safu juu ya safu, kama wanavyojenga ntumba, wakapandikiza majani juu yake. Siku tatu walifanya kazi hiyo. Bertilla alikuwa akimpitishia jembe, akimpitishia karai, lakini neno hata moja hakumwambia, na hilo lilimuuma Silvana kuliko malengelenge ya viganja.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, ardhi chini ya jembe la Malimi ikalowa. Maji yakachungulia, kidogo, meupe kama maziwa kwa udongo. Wote wakaacha kazi. Bertilla akapiga magoti, akasubiri kikombe kijae, na kikajaa polepole mno. Hakunywa. Alimnyooshea Silvana.

"Anza wewe."

Silvana akanywa chote, na watu wote wanamtazama. Udongo ulibaki kwenye meno.

"Yana udongo," alisema.

"Tunajua," Bertilla akamjibu, na hapo ndipo alipocheka.