Kaburi la Iisakki, Aliyekuwa Hakala

Kwetu Pohjanmaa jina ni la nyumba. Ukiingia unalivaa, ukitoka unalivua mlangoni. Iisakki na ndugu zake wawili walinyonya ziwa moja, lakini mmoja aliitwa Luoma, mwingine Korpi, na yeye alipomwoa Loviisa na kuhamia kwao, akawa Hakala. Miaka thelathini na moja! Mitaro yote ya lile shamba aliichimba yeye, mpaka mgongo ukapinda.

Loviisa akafa bila mtoto. Kaka yake, Nestori, akarudi kutoka Amerika na meno mawili ya dhahabu, akadai nyumba ya baba yake. Hata mavuno hayakufika, Iisakki akaja nyumbani kwetu, Mattila, na kisanduku kimoja. Tukampa kitanda kwenye kijumba cha nyuma ya sauna.

"Mama mwenye nyumba," aliniambia, "shamba wachukue tu, sina neno. Mimi nataka kulala ubavuni mwa Loviisa. Wanipe urefu wangu, basi."

Februari mchungaji alikuja kwetu kuwapima watu kusoma na kuzijua amri, kama kila msimu wa baridi. Sebule ilijaa, watu wazima wanatetemeka kama watoto. Akawa anaita nyumba moja moja.

"Hakala!"

Nestori akasimama. Iisakki naye akasimama. Mazoea, masikini.

"We shemeji, kaa chini," Nestori akasema. "Treni imeshakuacha, bado umeng'ang'ania tiketi?"

Watu wakacheka. Ovyo kabisa! Mchungaji akageuza kurasa za kitabu chake cha waumini, kila nyumba na ukurasa wake.

"Iisakki, nimeshakuhamisha. Uko Mattila sasa, chini kabisa, na wapangaji."

"Sawa, Baba Mchungaji. Na kaburi je?"

"Kaburi ni la nyumba. Waulize wenyewe."

"Pale tutalala sisi wenye jina," Nestori akadakia. "Wewe ulipita tu."

Iisakki akakaa chini. Zamu ilipowafikia wapangaji, amri zilikuwa zimefika ya tisa. Akasimama tena, mikono nyuma, akaisema bila kitabu: "Usitamani nyumba ya jirani yako." Na maelezo yake yote, neno kwa neno, mpaka mwisho. Mchungaji akamwandikia kuwa anajua vizuri.

Damu ilinichemka. Nilitamani nimmwagie Nestori birika zima la kahawa usoni. Badala yake nilimjazia kikombe, nikamwekea na mkate.

Mei, ardhi ilipoyeyuka, Iisakki akafa. Tulimzika kule kwenye ukuta wa makaburi, kwa wasio na nyumba. Mume wangu alichonga msalaba akaandika Iisakki peke yake, maana hakujua amalizie na nini.

Kijiji kizima kinamlaumu Nestori, na mimi huwa naitikia: ndiyo, roho mbaya yule. Lakini makaburi ya Mattila yamepakana na ya Hakala. Kati ya mahali petu patupu na Loviisa hazifiki hatua mbili. Iisakki alikuwa ameandikwa kwenye ukurasa wetu, na ningesema neno moja tu, mume wangu asingekataa. Sikulisema. Niliona nafasi ni chache, na wanangu watazihitaji. Iisakki alipajua mahali pale vizuri kuliko mimi, na hakuniomba.