Uvimbe Uliopewa Jina Lisilo Lake

Kadzo alipokuja kuchukua cherehani, dadake Dama alikuwa kitandani, macho kodo.

"Nakutunzia tu, dada," alisema, huku akimwashiria mumewe ainue upande wa pili.

Dama aliitazama ikitolewa mlangoni. Mtu aliyeambiwa na daktari kuwa anakufa ana haja gani na cherehani? Hivyo ndivyo nyumba nzima pale Majengo ilivyoona.

Kabla ya hapo Dama alikuwa mwanamke wa sauti. Katika duka la leso alilouzia, Barabara ya Biashara, mteja aliyepita bila kugeuka aliitwa mpaka akageuka. Kisha akaanza kushiba kwa matonge mawili tu. Akawa anapata choo cheusi kama lami, na asubuhi moja akaanguka juu ya marobota, hana fahamu. Hospitali ikampasua, ikamtoa uvimbe tumboni, mkubwa kama danzi.

Majibu ya maabara yalipotoka, daktari mpasuaji alisimama miguuni pa kitanda akazungumza na Chirau, mumewe Dama, kana kwamba Dama mwenyewe hayupo.

"Ni saratani ya misuli ya tumbo, na imeshafika kwenye ini. Dawa zetu haziiwezi. Mpeleke nyumbani, mkae naye vizuri."

Wakakaa naye vizuri. Mchungaji akaja kumwombea safari njema. Dukani akaajiriwa mwingine. Mama mkwe akauliza, Dama akisikia, kama mazishi yatakuwa mjini au kijijini Kaloleni. Dama akangoja kufa. Miezi ikapita, kufa hakukuja. Kilichokuja ni njaa. Akaamka, akajipikia uji, akajifunga leso mbili, akaenda Tononoka kwa Kadzo kudai cherehani yake. Alirudi nayo jioni hiyo hiyo kwa mkokoteni.

Maumivu ya ubavuni ndiyo yaliyompeleka hospitali nyingine, kwa Daktari Nasipwondi, mwanamke mpole aliyemuuliza maswali yeye mwenyewe, si mumewe.

"Ule uvimbe waliupima kwa dawa maalumu, za kutofautisha aina?"

"Mimi nambiwa saratani. Kwani ziko aina?"

Daktari akamweleza taratibu. Ziko aina mbili za uvimbe zinazoota kwenye ukuta wa tumbo, na kwenye darubini hufanana kama pacha. Moja ni saratani ya misuli. Nyingine, nayo si ya kawaida, hutokana na chembe zinazolisukuma tumbo kusaga chakula. Kuzitofautisha ni mpaka kipande cha nyama kipakwe dawa maalumu. Na hii ya pili ina vidonge vyake. Kipande cha uvimbe wa Dama kilikuwa bado kimehifadhiwa ndani ya nta kule hospitali ya kwanza. Kikatafutwa, kikapelekwa kupimwa upya. Ikawa ni ile ya pili.

Chirau alishika kichwa akalia kwa furaha. Dama hakulia.

"Vidonge hivi viko tangu lini?"

"Viko miaka mingi, mama."

"Miaka mingi!" Sauti yake ya dukani ilirudi yote kwa mara moja. "Na mimi mwaka mzima nalazwa nikiombewa!"

Chirau alimsihi ayaache. Hakuyaacha. Alikwenda mpaka kwa yule daktari mpasuaji, akaketi kabla ya kukaribishwa.

"Mama, mshukuru Mungu," daktari alisema baada ya kumsikiliza. "Sisi kipimo hicho hatuna hapa."

"Kipimo hamkuwa nacho, sawa. Ulimi je? Si ungenambia, twadhani ni hii, lakini hatuna hakika? Mimi na mume wangu tungekwenda kutafuta. Wewe ulinena kama aliyeona kaburi langu."

Daktari alivua miwani. "Nilipaswa kukwambia," alisema kwa sauti ya chini.

"Ulipaswa," Dama alijibu, akaondoka. Njia nzima hasira haikupungua hata chembe.

Vidonge anavimeza kila siku. Vinamvimbisha kope, na madoa kwenye ini yamenywea ingawa hayajaisha. Dukani amerudi, lakini hasimami kutwa.

Jumapili moja mchungaji alimwita mbele atoe ushuhuda wa muujiza.

"Si muujiza," Dama alisema. "Ni kipimo, ambacho hakuna aliyenambia kuwa kipo. Na nyinyi mlioniuguza mlikwisha kunizika kwa midomo. Hilo sijalisahau, na msinambie nisahau."

Akarudi kuketi. Chirau alikuwa ameinamisha uso. Kutoka benchi la nyuma mwanamke asiyemjua vizuri, Wanza, alimgusa bega.

"Mamangu naye kaambiwa arudi nyumbani," alinong'ona. "Huyo daktari wako yuko wapi?"

Dama aligeuka kabisa, mchungaji akiwa ameshaanza kuomba, akaanza kumwelekeza.