Waliopelekwa Dar

Juzi, hospitalini, madaktari wawili walipita mbele ya benchi letu wakizungumza Kiingereza. Mtoto aliyeketi jirani yangu aliposikia neno "Dar", aliushika upindo wa kanga ya mama yake. Nikakumbuka mchana mmoja nyumbani kwetu Mtawanya.

Daktari alikuja kumtazama mama, aliyekuwa akipumua kwa shida. Yeye na baba, ambaye alikuwa mwalimu, walizungumza Kiingereza ili nisielewe. Katika maneno yao yote nililitambua moja tu: Dar. Jirani yetu, Bi Somoe, alipelekwa Dar akarudishwa ndani ya jeneza. Niliamini huko ndiko watu walikopelekwa kufa.

Nikakichukua kiatu kimoja cha mama, nikakizika ndani ya gunia la makopa, ile mihogo mikavu yenye harufu ya uchachu.

"We mwanangu, kiatu changu umekipeleka wapi?" mama aliuliza, begi likiwa tayari mlangoni.

"Usiende Dar, mama."

"Naenda kutibiwa tu."

"Hata Bi Somoe alisema hivyo hivyo."

Baba aligeuka akatazama ukuta, nami nikaogopa zaidi.

Mama aliondoka amevaa ndala za dada.

Sasa najua kwamba waliopelekwa Dar ni wale waliokwisha kuzidiwa, ndiyo maana wengi hawakurudi. Mama alirudi. Kiatu kile kilinuka makopa mpaka kilipochakaa, naye alikivaa hivyo hivyo, hata kanisani.