Radhi Aliyoiomba Mhasibu Habib

Serikali ilitangaza redioni, kwa sauti ya mtu aliyekunywa chai yake vizuri, kwamba hakuna raia yeyote aliyepotea nchini Uganda. Wale wasioonekana majumbani mwao walikuwa wametorokea nchi jirani kwa hiari yao. Huko walikuwa salama na wenye afya, na jamaa zao waliombwa wasiwaomboleze watu walio hai. Tangazo lilisomwa kwa Kiingereza, kwa Kiganda na kwa Kiswahili, ili asitokee wa kusema hakuelewa.

Habib bin Uthman alilisikia barazani kwake Bukoto, akipaka dawa viatu vya shule vya watoto wake. Kazi hiyo aliifanya mwenyewe kila Jumapili jioni, na hakumruhusu mtu mwingine kugusa brashi. Babu wa babu yake alikuja kutoka pwani na msafara wa shanga, akasahau kurudi. Tangu hapo ukoo ulizaa wenye maduka na walimu wa madrasa. Habib akawa mhasibu, kazi ambayo wajomba zake waliiona kama duka lisilo na bidhaa. Walimshangaa zaidi kwa kumbebea mkewe kikapu sokoni mchana kweupe, na jambo hilo walilijadili kwa miaka mingi bila kufikia uamuzi.

Tangazo lilipokwisha alizima redio.

“Mbona umezima?” aliuliza Kulthum, mkewe.

“Betri.”

“Betri nimenunua jana, tena kwa magendo.”

“Basi tuzitunze.”

Siku chache kabla ya hapo, kwenye kiwanda cha sabuni alikofanya kazi, Katembo wa stoo alikuwa ameuliza kwa nini katoni zinatoka getini bila karatasi. Katembo alikuwa Mkongomani wa Butembo, jirani yake Habib, mtu aliyeamini kwamba swali zuri hupata jibu zuri. Mchana wa siku ile ile waliingia wanaume wawili wa usalama, wenye mashati ya maua, wakamtoa nje na kumtia kwenye buti la gari. Habib alikuwa dirishani. Kabla mfuniko haujashuka, Katembo aliinua macho kuelekea dirisha lile. Habib akainama kuokota kalamu ambayo haikuwa imeanguka.

Jioni ile Kahambu, mke wa Katembo, alikuja kuuliza. “Baba Naila, mume wangu ameacha kazi saa ngapi?”

“Aliondoka mapema,” alijibu Habib. Ilikuwa kweli, na aliisema kwa uangalifu wote wa fani yake.

Baadaye Kapteni Kamis, ambaye serikali ilikuwa imemgawia kiwanda pamoja na mashine na wafanyakazi wake, alimwambia wakinywa chai: “Ile mtu ya stoo, Habib, ilisha kwisha. Toa jina yake kwa mshahara.” Mahali pa sababu Habib aliandika kwa mkono wake: ametoroka. Nyumbani alikuwa na watoto sita, na alijua kwamba kapteni pia anajua wanasoma shule gani.

Kahambu akangoja. Tangazo lilimpa tumaini, na mwenye tumaini havunji nyumba. Kaka yake Mugisho alikuja kutoka Butembo na lori kumchukua yeye na mwanawe Valère. Akakataa. “Mume akirudi akute mlango umefungwa?” Mugisho akamgeukia Habib: “Mzee, weye umesoma. Unasema nini?”

Habib alikohoa. “Kungoja si vibaya,” akasema.

Lori likarudi tupu. Miaka miwili Kahambu aliwashonea mabinti wa Habib sare za shule na kukataa malipo, akawaletea sombe, mboga ya majani ya muhogo, siku za Jumamosi. Habib alilila sombe hilo kama anayemeza dawa. Kulthum alidhani ni chumvi.

Ndipo Kapteni Kamis akamtunukia Hija. “Wewe mtu mzuri. Hapana sema maneno mingi. Mimi nataka wewe enda Maka.” Kiti cha ndege kilipatikana, na kibali pia. Mtaa mzima ukampongeza.

Anayekwenda Hija hupita kwanza nyumba kwa nyumba kuomba radhi kwa aliowakosea, maana haki ya mja husamehewa na mja mwenyewe. Habib akavaa kanzu, akapita. Watu walijibu kama wanavyojibu siku zote, kwa wepesi.

“Nimekusamehe yote, Alhaji mtarajiwa,” alisema Abubaker wa buchani, “isipokuwa siku ile uliyosema mizani yangu ina mawazo yake.”

“Iliyasema yenyewe.”

“Basi nenda, ukaiombee na yenyewe.”

Nyumba ya Kahambu aliiacha ya mwisho.

“Mama Valère, kama nimekukosea kwa neno au kwa tendo, nisamehe.”

“Weye? Umenikosea nini?” Kahambu alicheka, akamtilia karanga za kukaanga kwenye mfuko kwa ajili ya safari. “Nimekusamehe, Baba Naila. Enda muzuri. Ukifika kule umwombee Katembo arudi.”

Habib alishukuru, akafika uani, akasimama. Maisha yake yote alikuwa amekataa risiti zisizotaja bidhaa. Mkononi alikuwa na msamaha wa namna hiyo hiyo. Alisimama pale hata kuku wakamzoea. Kisha akarudi ndani, akafunga mlango, akasema yote: gari, buti, dirisha, kalamu, na maneno ya kapteni. Alijua kwamba mwanamke huyu akipiga yowe tu, kesho gari litakuja kwake.

Kahambu hakupiga yowe. Alikaa juu ya cherehani iliyofunikwa, mahali asipokaa kamwe.

“Alivaa koti?”

“Hapana. Lilibaki kwenye kiti.”

“Nilimwambia avae.” Akanyoosha pindo la kitambaa alichokikalia. “Mugisho alikuja na lori. Ukasema ningoje.”

“Nilisema.”

“Ile radhi nilikupa, nairudisha. Niliitoa bila kujua.”

Habib akaweka mfuko wa karanga mezani.

“Karanga beba,” alisema Kahambu. “Ni za watoto.”

Alipomweleza Kulthum, mkewe hakumlaumu kwa kusema. “Miaka miwili,” alisema, “umeniacha nile chakula cha yule mama nikimwambia asante.” Akaingia jikoni, na kwa muda mrefu sufuria ndizo zilizozungumza.

Habib alimwambia kapteni kwamba mgongo unamuuma. “Mgongo?” alishangaa Kamis. “Maka si gunia. Hapana beba.” Kiti akapewa shemeji yake kapteni. Habib hakwenda mwaka ule wala mwaka mwingine wowote, hata zama zilipobadilika na watoto wakawa na uwezo wa kumpeleka. Alikufa kitandani kwake, katikati ya wajukuu. Alipokuwa hai, wakimuuliza kwa nini hakuhiji, alisema bado kuna mtu hajamjibu. Kahambu alikuwa amerudi Butembo zamani, Mugisho alipokuja tena na lori.

Lakini kabla ya kuondoka, Jumamosi iliyofuata siku ile ya radhi, Kahambu alimwomba Kulthum amsindikize kununua kitambaa. Walikwenda kwa Rehemah, sokoni Bukoto. Mwaka ule sukari haikuwepo mjini, chumvi haikuwepo, na sabuni haikuonekana hata majumbani mwa waliokuwa wakiitengeneza. Vitambaa vya Rehemah, hata hivyo, vilijaa rafu: vyeupe, vya kaki, vya maua makubwa mekundu.

Kahambu aliomba cheusi, cha matanga.

“Cheusi hakuna, nnyabo,” alisema Rehemah, bila hata kugeuka kutazama rafu. “Kila nikileta, hakifiki mchana.”