Sahani ya Tatu

Mpangaji wa Mama Mwanvua, mtafiti wa chuo kikuu, ambaye Mwanvua alimwita sitwayeni, yaani raia, kama serikali ilivyotaka watu waitane, alikuwa na vidole virefu visivyotulia. Kutwa alizunguka zahanati za Kindu akipima ni ipi inayochanja watoto wengi kwa mafuta kidogo ya taa ya kuendeshea friji za chanjo, ili mafuta yagawanywe upya. Jioni, mezani, vidole viliendelea kugawa: vilisogeza chumvi, vikasogeza kikombe, vikavirudisha. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyezoea kula peke yake. Kila mara macho yake yaliishia kwenye sahani ya tatu, iliyofunikwa, ambayo Mwanvua alimwekea mwanawe aliyekwenda mji wa Kama kuchimba dhahabu na hakurudi. Asubuhi kuku walimwagiwa wali ule.

"Mama, hii njo kupoteza," mtafiti alisema siku moja, kwa upole. "Mupike ya sisi wawili tu."

Mwanvua alitii, maana aliyesema ni mtu wa masomo. Akapunguza mchele, sahani akairudisha kabatini. Tangu hapo walikula upesi, kisha wakabaki kutazama pale palipokuwa wazi. Jioni moja mtafiti aliinuka, akaitoa sahani mwenyewe, akaitilia nusu ya wali wake na sombe, mboga ya majani ya muhogo, akaifunika.

"Hesabu imekukatalia, sitwayeni?"

"Hesabu iko sawa, Mama. Ni meza njo ilikuwa mukubwa sana kwa sisi wawili."

Vidole vyake vikabaki juu ya kifuniko, vimetulia.