Mkono Uliochambua Kuku

Kheiria binti Saeed hakuwa mtu wa kuchezewa. Miaka kumi na tano alifanya kazi maabara ya vyakula hapa Maskati, na wakubwa wawili walishaomba uhamisho kwa ajili ya ulimi wake. Lakini hasira za mwaka 2006 zilikuwa nyengine, maana zilimfikisha mpaka kwa jamaa zake mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Mama yake mdogo, Sabah, aliozesha binti yake nyumbani kwake mtaa wa Azaiba. Wageni wakala boko boko, ngano iliyopondwa na kuku mpaka ikawa kama uji mzito, na kabla ya magharibi watu thalathini na saba walikuwa wanatapika hata kusimama hawawezi. Lawama ikamwangukia Peninah, mpishi wa nyumba, Mkenya. Tiketi ya kumrudisha Nairobi ikakatwa, ya Jumamosi ya wiki ya pili.

Maabara ililetewa bakuli la kuku aliyechambuliwa akabaki kwenye friji bila kutiwa chunguni, na pamba iliyopitishwa puani mwa Peninah. Peninah peke yake. Bakteria aina ya stafilo wakaonekana kwenye kuku, na puani mwa Peninah wakaonekana pia. Dakta Yazan, mkuu wa maabara, akamsukumia Kheiria fomu iliyosema chanzo ni Peninah.

"Tia saini tumalize."

"Nitie saini nini? Wadudu hawa karibu mtu mmoja katika watatu anao puani. Huenda hata wewe unao."

Damu ilimchemka. Wanawake watano waliingia jikoni siku ile, aliyepimwa ni yule anayelipwa tu, kama kwamba mikono ya wenye nyumba si mikono.

Akajifungia na mashine zake. Si kila stafilo ana sumu ya kutapisha. Wengine wamebeba kipande cha vinasaba kilichotoka kwa mdudu mwengine kikajipachika katikati ya vyao. Wataalamu wanakiita kisiwa, na mara nyengine sumu imo humo. Kheiria akalinganisha. Wadudu wa kwenye kuku walikuwa na kisiwa, na sumu ndani yake. Wa Peninah, mahali pale pale, hawakuwa na kitu.

Akaenda kwa Sabah na pamba zake. Wanawake wakacheka, wakampa pua. Aliyechambua kuku wa harusi alikuwa Mahbuba, mama yake Kheiria mwenyewe. Alimchambua asubuhi, akamwacha mezani saa nne nzima katika joto la Juni, akingoja ngano ilainike. Moto wa baadaye uliua wadudu, lakini sumu haukuiweza. Na Peninah hakupewa hata paja moja kuchambua. Kuku wa boko boko la harusi huchambuliwa na watu wa nyumbani, si mpishi.

"Pima tu," mama akasema. "Mie nnachambua kuku toka hujazaliwa."

Majibu yakatoka Alhamisi. Kheiria akayasoma mara tatu, na hasira zikampanda upya, safari hii juu ya nafsi yake, kwa sababu ilimjia ayachane. Angeandika kuwa chanzo hakijulikani, mama angesalimika, na Peninah angepandishwa ndege vilevile.

Ijumaa baada ya sala jamaa walikuwa wamezunguka sinia la pilau kwa Sabah, Peninah amesimama na jagi la maji. Kheiria akatoa karatasi, akaisoma kwa Kiswahili, si Kiarabu, makusudi ili Peninah aelewe.

"Peninah, hana kisiwa. Mama Sabah, hana. Mahbuba binti Msellem, anacho, na ni kile kile cha kwenye kuku, kipande kwa kipande."

Mkono wa mama yake ukasimama ndani ya pilau.

"Unanitangaza, mwanangu, mbele ya mpishi?"

"Mpishi mlimtangaza mbele ya harusi nzima."

Sabah akakohoa kidogo. "Lakini tiketi tumeshakata."

"Basi mpe mama, apande yeye."

Peninah akaweka jagi chini, akaichukua karatasi mkononi mwa Kheiria, akaikunja vizuri.

"Hii nitakaa nayo mimi," akasema, akarudi jikoni.

Jumamosi ndege iliondoka bila Peninah. Bi Mahbuba hakusema na bintiye mpaka Ramadhani, na Kheiria hakuomba radhi.