Mgeni hapelekwi bondeni

Wiki iliyopita wataalamu wa mazingira walikuja kijijini kwetu, nje kidogo ya mji wa Kasulu. Kuna kampuni inaomba kibali cha kuchimba makaa ya mawe chini ya ardhi, nao walitaka kujua maji gani na mashamba gani yalindwe kabla kibali hakijatolewa. Mkutanoni nilikaa nyuma na akina mama wenzangu, mtoto mgongoni.

Bibi mmoja akasimama. "Baba, chemchemi yetu iko hapo bondeni. Twende ukaione."

Mtaalamu mkubwa akaanza kukunja suruali. Mwenyekiti wetu akamzuia.

"Bibi, mgeni anapelekwa kwenye matope? Unatutia aibu!"

Watu wakacheka. Bibi akakaa. Mwenyekiti akampa mgeni chupa ya maji ya dukani, kwa mikono miwili. "Maji hapa hayana shida, mkuu. Kunywa."

Mgeni akanywa, akashukuru, akakunjua suruali.

Sisi Waha hatumpi mgeni kitu cha ovyo, na hilo ni jema. Lakini huyu alikuja kuulizia maji yetu, nasi tukamficha hayo maji kwa heshima kubwa. Kama mgodi utayaharibu, mimi sijui. Naye hajui, maana hakuyaona.

Gari lao lilipoondoka, tuligombania chupa tupu walizoziacha wageni, kwa kuwa zina vifuniko vizuri. Jioni nilishuka na yangu bondeni, nikaijaza.